Kifungu cha Kwanza

Tulikuwa wanne katika ukumbi wa halmashauri, Rivacurta,
kwenye mteremko wa Alpi ambako kila nyumba
imechorwa saa ya jua ukutani
na hakuna mbili zinazokubaliana.
Mimi karani. Kazi yangu kuandika
saa ipi inastahili kuitwa sahihi,
ili zawadi ya Novemba isigeuke ugomvi tena
kama mwaka ule Pividori alipomrushia mwamuzi kiatu.

*Saa sahihi ni ile inayolingana na saa ya stesheni.*

Elvezia, mpima ardhi, alicheka hadi miwani ikamvuka.
Saa ya stesheni ni ya watu wengine, alisema.
Kutoka hapa hadi mstari tunakoazima wakati
ni digrii mbili, na kila digrii ni dakika nne:
jua letu huchelewa dakika nane
nyuma ya agizo la serikali.
Tena jua lenyewe si mtumishi wa mshahara.
Februari linajikokota, karibu robo saa nyuma;
Novemba linawahi, dakika kumi na sita,
kama mgeni abishaye hodi ukiwa na povu usoni.
Lifuate mwaka mzima, kila siku saa ileile ya mkononi:
litakuchorea angani nane nyembamba,
tumbo moja kubwa kuliko la pili.

Nikafuta.

*Saa sahihi ni ile isiyokosea zaidi ya nusu dakika.*

Hapo Tarcisio, fundi vigae, akaweka sarafu mezani.
Jua si nukta, alisema. Ni hii. Lina upana,
na huo upana hulichukua dakika mbili kuupita.
Ndiyo maana kila kivuli kina ukingo wa ukungu,
giza lisilokoza, mwanga usiokoma.
Ukirefusha mlingoti, mistari inaachana, sawa,
lakini ukungu nao unanenepa.
Haya, nisomee nusu dakika
ndani ya ukungu wa dakika mbili!

Nikafuta, polepole, maana wino ulikuwa mzuri.

Norina muuza jibini hakuwa amesema neno.
Alifungua kitambaa cha kukamulia maziwa,
akatoa bamba mbili za shaba zilizosimama zikitazamana:
moja ina tundu la sindano,
nyingine imekwaruzwa mstari mmoja, mwembamba kama unywele.
Tukatoka nje. Wingu. Tukangoja tukipiga miguu kwa baridi.
Wingu likapasuka, na kwenye bamba ya pili
likadondoka jua dogo, la mviringo, ukubwa wa dengu.
Norina akazungusha shaba kidogo, kidogo tena,
mpaka mstari ukaligawa jua nusu kwa nusu.
"Saa sita kasoro dakika nane," akasema.
Elvezia alikuwa na saa inayofuata redio.
Tofauti: sekunde kumi na moja.

"Umejuaje kwamba hapo ndipo nusu?"
"Miaka thelathini nakata jibini mbele ya wateja.
Nusu naijua. Wao pia wanaijua."

Tarcisio akajaribu: sekunde arobaini.
Mimi nikajaribu: zaidi ya dakika,
na kidole changu kikaacha alama ya mafuta.
Bamba zilezile. Jua lilelile.
Basi sahihi ni nini, shaba au jicho?
Hakuna aliyejibu. Wingu lilijifunga.

Ndani, mikono ikiwa bado imekufa ganzi,
niliandika, na safari hii sikufuta:

*Saa sahihi ni ile ambayo mwenyewe anaweza kusema
inakosea kiasi gani,
na kosa linatoka wapi.*

Elvezia akasaini. Tarcisio akasaini,
akiongeza pembeni "na mbele ya nani".
Norina alikuwa akiipangusa alama yangu ya mafuta
kwa upindo wa kitambaa.

Kesho nitaibandika mlangoni.
Pividori husema ukuta wake haujakosea kamwe,
tangu babu yake. Kwa kifungu hiki, hayumo.
Nitasimama mbali kidogo na mlango,
nikitazama viatu vyake.